Karatasi za Dokta Balint

Thornton Heath, London
2 Machi 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na majirani wote wa Machame wazima. Sisi huku hatujambo. Baridi haijatuachia bado. Mimi nipo palepale kwa Mama Kokila, nauza miwani, na yeye kila siku ananisimulia Moshi ya utoto wake utadhani aliihama jana. Baba anakusalimu sana. Tangu astaafu udereva wa basi anashinda dirishani akiwakosoa madereva wa siku hizi. Ana mafua kidogo, si ya kukutia wasiwasi.

Najua simu hazikusaidii tena kwa ajili ya masikio, ndiyo maana naandika kama ulivyonifundisha miaka ile minne niliyoishi kwako: tarehe juu, salamu kwanza, shida baadaye.

Shida yenyewe ni hii. Babu yangu, Dokta Balint Szalai, alikuwa Mhungaria. Mama Kokila ameniambia, na mimi nimehakikisha, kwamba mtoto wa Mhungaria huhesabiwa raia wa Hungaria hata kama hajawahi kukanyaga huko, mradi athibitishe kwa karatasi. Nataka kumwombea baba uthibitisho huo, kisha na mimi nipitie kwake. Tangu Uingereza ijitoe kwenye Umoja wa Ulaya, paspoti ya namna hiyo ina faida zake.

Naomba ututafutie cheti cha ubatizo cha baba, na karatasi yoyote ambayo Dokta aliiacha au aliituma: barua, picha iliyoandikwa nyuma, chochote. Baba alikuwa na miaka mitatu tu Dokta alipoondoka, hakumbuki kitu.

Ni mimi mwanao,
Lilian


Machame
28 Machi 2023

Mpendwa mwanangu Lilian,

Marahaba. Nashukuru Mungu kwa barua yako, na mwandiko wako bado una adabu. Mimi ni mzima ila masikio. Kwaya nimeacha, maana nilikuwa naimba ubeti wa pili wenzangu wamefika wa tatu, na mwalimu wa kwaya alikuwa anaona haya kuniambia. Mvua za masika zimechelewa. Ng'ombe amezaa ndama dume. Paa la kanisa limeezekwa upya.

Cheti cha ubatizo nimekipata usharikani, nakala yake imo humu. Karatasi za Dokta hakuna. Zilikuwepo mbili tatu zamani, mchwa wakazila mwaka ule wa mvua nyingi. Na hata zingekuwepo zingesema nini? Mtu aliyekwenda akakusahau hakuachii karatasi. Sisi tulikua bila yeye na baba yako Valentine akawa mtu mwema.

Mbona haandiki mwenyewe? Tangu utoto alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Mwambie dada yake amemuuliza.

Shangazi yako,
Elinaja


Thornton Heath
9 Mei 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu barua ile? Hapa jua limeanza kutoka na watu wamevua makoti kabla ya wakati wake, kama kawaida yao. Baba anasema ataandika. Mkono unamsumbua siku hizi.

Wiki iliyopita tulikwenda ubalozini. Alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi yangu, ikawa kubwa, ikabidi niibane kwa pini nyuma. Umri unapunguza mwili. Dirishani tulimkuta mama mmoja mpole. Alisoma cheti cha ubatizo, akaweka kidole mahali pa jina la baba. Pana mstari mtupu.

Akauliza, "Je, huyu daktari aliwahi kuandika popote kwamba huyu ni mwanawe?"

Baba akamjibu, "Aliandika kwenye jina langu. Valentine ndiye Balint. Alinipa jina lake."

Yule mama akatabasamu. Akasema ni kweli kabisa, majina hayo ni mamoja, lakini hiyo siyo karatasi. Wanahitaji mahali Dokta alipokiri kwa mkono wake, maana hakuwa amefunga ndoa na bibi.

Shangazi, usinikasirikie. Nilipokuwa naishi kwako kulikuwa na kopo la biskuti juu ya kabati la chumbani. Ulinichapa mara moja tu maishani, siku nilipopanda kiti kulifikia. Kopo lile lilikuwa na nini?

Ni mimi,
Lilian


Machame
20 Juni 2023

Lilian,

Marahaba. Hatujambo. Kahawa inaendelea vizuri.

Kopo lile lilikuwa la mama yangu, na vitu vya marehemu havipekuliwi na watoto. Nilikuchapa kwa sababu kiti kilikuwa kibovu, ungeanguka.

Mnataka uraia wa nini, na mnao wa Tanzania mliouacha na wa Uingereza mlioupata? Mwacheni Dokta apumzike alipo. Mama yangu alibeba aibu ile kwa mgongo wake na hakuwahi kulalamika mbele ya mtu. Sitaki ianze kubebwa upya mbele ya makarani.

Msalimu Valentine. Bado sijaona barua yake.

Elinaja


Thornton Heath
14 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi, na hii nimeianza nikaichana mara mbili.

Jana baba alikuwa jikoni ananiangalia nikimenya ndizi. Nikamwambia, "Baba, labda tuache. Shangazi hapendi, na paspoti yenyewe hatuna shida nayo." Akasema, "Sina haja ya kwenda Hungaria, mwanangu. Nina miaka sitini. Nilitaka tu kujua kama kuna mahali popote duniani pameandikwa kwamba mimi ni mtoto wa mtu."

Akasema pia, "Dada hawezi kuwa na karatasi akaninyima. Dada hakuwahi kuninyima kitu." Nimekuandikia maneno hayo kama alivyoyasema.

Fomu yake ameshaitia sahihi, iko kwenye droo. Shangazi, siwezi kukueleza kila kitu, maana nimekatazwa. Kama kuna chochote, hata kipande, naomba usichelewe.

Lilian


Machame
30 Septemba 2023

Lilian mwanangu,

Hatujambo. Salamu za leo ni fupi, nikizirefusha nitapoteza ujasiri.

Mchwa hawakula kitu. Kopo lipo, na yote yaliyokuwemo nimeyatia katika bahasha hii. Nampa Faustine, kijana wa usharika wetu aliyekuja likizo. Anaishi Woolwich, hukohuko London, anarudi tarehe nane. Nimetaka ipite mkononi mwa mtu ninayemjua.

Mama yangu, bibi yako Ndeshi, hakujua kusoma. Baba yangu mimi alikufa nikiwa na miaka minne, mama akapata kazi ya kufua mashuka katika hospitali ya misheni. Huko ndiko alikokutana na Dokta. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyekimbia kwao baada ya mapigano ya mwaka hamsini na sita. Kiswahili chake kilituchekesha, akawa anakosea makusudi ili tucheke zaidi. Valentine alipozaliwa hakumficha. Alimbeba mabegani siku ya soko mbele ya watu wote. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 1966 akaenda London kutafuta kazi, akaahidi kuandika.

Barua ilifika mwaka uliofuata, mwezi wa nne. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na nyumbani ni mimi peke yangu niliyejua kusoma. Mama alijifuta mikono, akaketi, akaniambia, "Soma taratibu." Nikaipitia kwanza kimoyomoyo. Aliandika kwamba amepata kazi na mahali pa kuishi. Kwamba ameapa mbele ya mwanasheria kuwa Valentine ni mwanawe, na karatasi ya kiapo ameiambatanisha. Kwamba anataka kumwoa mama. Na kwamba kwa sasa ana nauli ya watu wawili. Waje mama na Valentine kwanza. Elinaja akae kwa mjomba wake, atafuata baada ya mwaka mmoja au miwili.

Mama akauliza, "Anasemaje?"

Nikamwambia, "Anasema ameoa huko. Anasema tusimwandikie tena."

Hakulia. Aliuliza tu, "Mtoto hakumtaja?"

Nikasema, "Hakumtaja."

Akainuka, akarudi kwenye mashuka yake.

Zilikuja nyingine nne. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuchukua barua misheni, nikazificha bila kuzifungua, na hadi leo hazijafunguliwa. Ya mwisho ina muhuri wa mwaka 1970. Nilijiambia nitamweleza mama nikishakuwa mkubwa. Kisha nikajiambia nikishaolewa. Kisha nikishazaa, na watoto hawakuja. Mama akafa mwaka 1989 akijua kwamba aliachwa. Valentine alipokwenda London mwaka 1995 nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Neno lilikuwa limejaa kinywani. Nikamwambia avae sweta.

Sikumchukia Dokta, wala sikumchukia mdogo wangu. Niliogopa kubaki.

Mpe Valentine bahasha asome mwenyewe, kwa macho yake. Asisomewe na mtu. Kisha mwambie namngojea aniambie lolote atakalo, hata kama ni tusi.

Elinaja


Machame
24 Novemba 2023

Lilian mwanangu,

Bwana akutie nguvu. Leo ni mwezi mmoja na siku tano tangu tumzike Valentine. Mchungaji alipokuja na habari ya kifo chake aliniandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa kuwa sisikii. Nilikisoma nikamrudishia nikidhani amekosea mtu.

Ulikaa kwangu siku sita. Ulipika, ulipokea wageni, ulinishika mkono kaburini nisianguke. Juu ya bahasha hukusema neno. Kila nilipokutazama uliangalia pembeni. Nikaelewa kwamba umesoma, na kwamba umeamua kuninyamazia mbele ya watu, kwa heshima. Sina haki ya kudai zaidi ya hapo.

Nina swali moja tu. Kabla hajafa, alisoma?

Shangazi yako,
Elinaja


Machame
Jumatatu ya Pasaka, 2024

Lilian,

Sijapata jibu. Kaburi tumelijengea, na maua uliyoyaacha yameshika. Mimi sijambo. Sitakuandikia tena mpaka wewe uniandikie.

Elinaja


Thornton Heath
16 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Imenichukua zaidi ya mwaka kuliandika neno hilo, na ninaliandika kwa moyo.

Hakusoma.

Alifariki hospitalini tarehe sita Oktoba, saa nne asubuhi. Faustine alibisha mlangoni kwetu tarehe kumi na tano. Sisi tulikuwa tumeondoka na jeneza siku iliyotangulia. Akaiacha bahasha kwa jirani. Kwa hiyo siku zote sita nilizokaa kwako sikujua lolote. Nilipokuwa naangalia pembeni, ni kwa sababu nilikuwa na siri yangu mwenyewe na sikuweza kukutazama usoni.

Baba hakuwa na mafua. Ilikuwa saratani ya kongosho. Januari ile, kabla sijakuandikia barua ya kwanza, daktari alikuwa ametupa mwaka mmoja, labda pungufu. Baba aliniapisha. Alisema, "Dada akijua atapanda ndege, na kwa presha aliyonayo hatafika." Nikatii. Maneno ya paspoti na faida zake yalikuwa ya kukuzuga. Nilitaka apate karatasi ile akiwa bado anaweza kuishika.

Bahasha niliipata niliporudi. Nilisoma barua yako nimesimama na koti mwilini. Kisha nikafungua zile nne. Katika ya mwisho anasema hatasumbua tena, ila anwani haitabadilika, ili kijana akikua ajue pa kumpata.

Haikubadilika, Shangazi. Ni nyumba ya ghorofa kwenye uchochoro unaotokea Edgware Road. Nilikwenda Januari ya mwaka jana. Pembeni kuna mkahawa wa mzee mmoja wa Unguja, jina lake Muhiddin, yuko pale kwa miaka arobaini. Nilipomtajia jina la Dokta akavuta kiti. Akasema, "Yule daktari mzee? Alikuwa akija kunywa kahawa hapa ili azungumze Kiswahili. Hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye." Nikamuuliza kama alioa. Akasema hakuoa. "Alikuwa akisema ana mtoto kule Kilimanjaro. Aliandika, hawakumjibu. Alisema hawalaumu."

Alikufa mwaka 2004. Baba alianza kuendesha basi la Edgware Road mwaka 1997. Kituo kiko hatua chache kutoka kwenye mlango ule. Kwa miaka saba, siku tano kwa wiki, baba alisimamisha basi pale akafungua mlango. Nilimuuliza mzee Muhiddin kama Dokta alikuwa akipanda basi. Akasema alikuwa akipanda kila Alhamisi kwenda sokoni.

Hilo ndilo lililonifunga mkono mwaka mzima. Nilikuwa nikianza barua nafika hapo, naacha.

Maombi niliyaendeleza kwa jina langu. Niliwapa kiapo cha Dokta na barua zote tano. Wahungaria huandika jina la ukoo kwanza, na katika kila fomu wanauliza jina la mama, kwa hiyo nimeandika jina la Ndeshi mpaka mkono ukazoea. Wiki iliyopita wamenijibu. Mimi ni raia tangu kuzaliwa, kwa kuwa baba alikuwa raia tangu kuzaliwa. Hawakumpa kitu kipya. Walichoandika ni kwamba alikuwa nacho siku zote. Mama yule wa dirishani alinipa mkono wa pongezi, kisha akauliza, "Na mzee wetu, hajambo?"

Watu wa kazini walitaka kuniandalia keki. Nikamwomba Mama Kokila awakataze.

Nilikuchukia, Shangazi. Sasa nikitafuta chuki ile siioni yote. Naona msichana wa miaka kumi na tatu ameshika barua inayosema abaki. Lakini namwona na baba jikoni, anasema dada hakuwahi kumnyima kitu, na hapo nashindwa kuendelea.

Na mimi siwezi kujiweka pembeni. Tuliandikiana kwa miezi saba, kila mtu akiwa ameziba mdomo wake. Kuna swali ninaloamka nalo kila asubuhi, na hakuna wa kunijibu ila wewe. Ningekuambia ukweli Machi ile, kwamba anakufa, ungezituma karatasi akazipata akiwa hai? Usinihurumie. Nijibu kweli.

Mwanao,
Lilian


Machame
20 Machi 2025

Mwanangu Lilian,

Marahaba. Marahaba sana.

Barua yako nimeisoma uani, nikaingia ndani, nikatoka nikaisoma tena. Ya Edgware Road sina la kusema. Nimemwomba mchungaji aje, nikamweleza yote tangu mwanzo, yeye akiniandikia maswali yake kwenye daftari. Nimemwambia pia kwamba Jumapili nitasimama kanisani nilitamke jina la Dokta kama la baba yake Valentine, ule mstari mtupu katika kitabu cha ubatizo ujazwe. Amekubali. Ni jambo dogo, na limechelewa.

Umeniomba nikujibu kweli. Jibu hili nimeliandika mara tatu.

Hapana, Lilian. Nisingezituma.

Nilijua anaumwa. Nilijua tangu barua yako ya Mei, kwa jinsi ulivyoandika juu ya mwili wake na kwa jinsi ambavyo yeye hakuandika. Agosti uliposema nisichelewe nilijua kabisa maana yake, na bado nilikaa na bahasha mezani wiki sita. Kila asubuhi niliitazama nikasema kesho. Ungeniambia Machi, ningelia, ningefunga, ningeomba, na ningesema kesho. Kumpelekea karatasi ilikuwa ni kumwambia kwamba dada yake ndiye aliyemnyima baba, na nilipendelea afe akinipenda. Ndivyo nilivyo. Nilikuwa hivyo nikiwa na miaka kumi na tatu na nilikuwa hivyo nikiwa na miaka sitini na tisa.

Kwa hiyo wewe hukuchelewesha kitu. Ulitii neno la baba yako, basi. Ukiamka kesho asubuhi swali lile likarudi, lijibu kwamba shangazi amesema hapana, na uende kazini.

Shangazi yako,
Elinaja